SOMO LA FIZIKI: JENERETA YA MAWIMBI INAWEZA KUTOA MIPIGO KWA AMRI?



Katika darasa la sita tumejadiliana swali moja: labo ikiwa na jenereta ya mawimbi, ni lazima tena kutafuta franga za kununua masini ingine ya kutoa mipigo ya umeme? Tusichanganye majina. Hatusemi ile grupu ya mazuti inayowasha taa. Jenereta ya mawimbi ni kisanduku cha labo kinachotoa umeme mdogo wenye umbo la sinusi, la mraba ao la pembetatu.

Shida ni hii: kisanduku hicho kinafuata saa yake mwenyewe. Lakini mpigo wa kuamriwa unangoja ishara. Ishara ikifika, unatoka mara moja tu, halafu kimya.

Tuchukue mfano wa inchi yetu. Mwaka 1982 line ya umeme ya Inga mpaka Kolwezi ilimalizika, karibu kilometa 1,700. Ndani yake umeme unasafiri bila kugeuka upande. Ukifika Kolwezi unafanywa kuwa umeme wa kugeuka, mizunguko 50 kwa sekunde. Kazi hiyo ni ya tiristori. Tiristori ni kama mlango: mpigo mdogo unaifungua, nayo inabaki wazi mpaka umeme unaopita ufike sifuri. Mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Ukigawanya kwa digrii 360, digrii 1 ni karibu mikrosekunde 56. Mpigo ukikosa wakati wake, mlango unafunguka vibaya.

Sasa tuseme mipigo inatoka kwa jenereta inayojiendesha. Tunaipanga 50, kumbe inatoa 50.1. Kila sekunde inatangulia kwa sehemu moja ya kumi ya mzunguko. Baada ya sekunde 5 imepotea nusu mzunguko: mpigo unafika wakati umeme umegeukia upande mwingine! Kwa grupu ya mazuti ni mbaya zaidi, juu mbio yake inapungua mzigo ukiongezwa. Ndiyo maana mpigo lazima uamriwe na umeme wenyewe.

Basi tuulize chombo maswali 4:

1. Kiko na tundu la kuingiza ishara? Visanduku vingi vya bei ndogo viko na tundu la kutoa ishara tu. Tusidanganyike: kutoa si kupokea.

2. Ishara moja inaleta mzunguko mmoja tu? Vingine vinaendelea kutoa mawimbi wakati wote ishara ingali juu. Hiyo siyo tunayotaka.

3. Upana wa mpigo unafaa? Wimbi la mraba la mizunguko 10,000 kwa sekunde linadumu mikrosekunde 50 juu ya sifuri na 50 chini. Ile nusu ya chini tunaizuia kwa diode.

4. Mpigo unachelewa kiasi kile kile kila mara? Tuweke ishara kwenye njia ya kwanza ya osiloskopu na mpigo kwenye ya pili. Kuchelewa kidogo si kitu, lakini kusitetemeke. Halafu tuondoe waya wa ishara. Mipigo ikiendelea, chombo hakifai.

Kikishindwa swali la 1 ao la 2, bado hatuna haja ya masini ya bei kali. Kuna kile kipande kidogo cha elektroniki kiitwacho 555, kilichoanza kuuzwa mwaka 1972. Kinataka rezistansi moja, kondensateri moja na pile ya volti 9. Volti ya ishara ikishuka chini ya theluthi ya volti ya pile, mpigo unatoka. Upana wake ni 1.1 × R × C. Kwa ohm 10,000 na mikrofaradi 0.01 tunapata mikrosekunde 110. Angalisho: ishara iwe fupi kuliko mpigo wenyewe.

Onyo kwa wadogo zetu: majaribio haya ni paka kwa volti 6 za transformateri, na mwalimu akiwa hapo. Mtu asiguse waya ya volti 220.

Kwa hiyo tunasema: tupime kwanza, ndipo tuombe wazazi franga.

ZOEZI. Jenereta inatoa 50.02 pahali pa 50. Itapotea nusu mzunguko baada ya sekunde ngapi?