SALA YA KURUTA KAMBINI

 

Kijana wa pwani akiitwa jeshini huagwa kwa dua na sadaka, lakini ni wachache wafundishwao namna ya kusali huko waendako. Wa Mombasa au Lamu aliyeandikwa katika jeshi la Kenya hupelekwa Eldoret. Wa Tanga au Kilwa aliyemaliza kidato cha sita hupangiwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, lililoundwa mwaka 1963. Na mafunzo hayo ya vijana wa shule yalisimamishwa mwaka 1994, yakarudishwa 2013. Huenda akajiona yuko Mafinga, katika baridi asiyoizoea. Arudipo huulizwa habari za kwata na bunduki, wala haulizwi ameacha sala ngapi. Na akiulizwa hujibu: maji yalikuwa haba, na mabuti hayavuliki upesi. Udhuru huo haufai, kwani sheria ilikwisha kumwondolea uzito huo zamani.

Katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijra, Mughira bin Shu'ba aliinama ili amvue Mtume (S.A.W.) khuffu zake apate kutawadha. Mtume akamwambia aziache, kwa kuwa alizivaa miguu yake ikiwa twahara. Akapaka maji juu yake. Khuffu ni viatu vya ngozi vifunikavyo mguu mpaka vifundoni, na buti la askari laingia katika hukumu hiyo likitimiza masharti. Masharti yenyewe kwa Mashafi ni haya: livaliwe baada ya udhu kutimia, miguu yote miwili imekwisha kuoshwa, lifunike vifundo, liwe gumu la kutembelewa, lisilopenyeza maji upesi, na liwe twahara, si la ngozi ya nguruwe. Buti fupi lisilofika vifundoni halifai.

Basi kuruta atawadhe alfajiri kabla ya kukimbizwa mchaka-mchaka, aoshe miguu, ndipo avae. Udhu ukimtoka saa nne asubuhi, tangu hapo ana mchana mmoja na usiku wake wa kupaka maji kila atawadhapo, maadamu hajavua. Na akivua, au akipatwa na janaba, ruhusa imekwisha. Hupaka juu ya buti, si chini ya soli. Sayyidna Ali alisema kwamba lau dini ingekuwa kwa rai, chini kungestahiki kupakwa kuliko juu. Na soli ikikanyaga najisi huoshwa kwanza. Ama maji, Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni kadiri ya vitanga viwili vikijaa. Chupa ya kiunoni yatosha, na kuna maji ya kubaki ya kunywa.

Wengine hudhani kwamba kuruta ni msafiri, hivyo hupunguza sala muda wote wa mafunzo. Hilo ni kosa kubwa. Njiani, safari ikifika marhala mbili, yajuzu kupunguza na kukusanya. Lakini aingiapo kambini hali ajua atakaa zaidi ya siku nne, amekuwa mkazi, nazo adhuhuri, alasiri na isha ni rakaa nne nne.

Wakati nao ni mpana kuliko wasemavyo wavivu. Akiwa katika gwaride adhuhuri ikaingia, angoje wapumzishwe; akiwa lindoni usiku, isha yamngojea mpaka apokewe. Na amwombe afande ruhusa kwa adabu, mapema, si wakati wenzake wamekwisha kupanga mistari. Kumtii mkubwa katika jema ni wajibu. Mtume alipeleka kikosi, amiri wao akakasirika, akawasha moto na kuwaamuru wauingie. Wakasitasita mpaka hasira zikamtoka. Habari ilipomfikia Mtume alisema lau wangaliingia wasingalitoka humo, na kwamba utiifu ni katika mema tu. Lakini kuamrishwa kufagia au kubeba magogo si moto huo, wala kuruta asiifanye sala kuwa ngao ya kukwepea kazi.

Kuoga uchi pamoja na wenzi ni haramu. Ajifunge shuka baina ya kitovu na magoti hata wakimcheka. Akiwa na janaba katika baridi kali, asipate moto wa kuchemshia maji naye achelea ugonjwa, atayamamu asali, kisha ailipe sala hiyo akishaoga.

Na Ramadhani ikimkuta kambini, kazi ngumu haimpi ruhusa ya kuamka akala. Atie nia usiku, ale daku, afunge. Mchana ikimfika shida ya kudhuru mwili, hapo atafungua kwa kadiri ya haja, na siku hiyo ailipe.