SOMO KWA VYAMA: JIKO LA MKAA KATIKA CHUMBA KILICHOFUNGWA

Katika vyama vya msingi vilivyo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi. Ndipo mlinzi wa ghala la kahawa huingiza jiko la mkaa kibandani, akafunga mlango na kuziba dirisha kwa gunia. Majumbani hali ni hiyo hiyo, hasa palipo na mama aliyejifungua.

Mkaa uwakao pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Moshi wa kuni humkera mtu, akakohoa na kutoka nje. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu hauna moshi, ukadhaniwa kuwa salama, kumbe gesi ingali ikitoka.

Gesi hiyo ikivutwa huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, kwa nguvu izidiyo ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Kwa hiyo hata gesi kidogo, ikivutwa usiku kucha, yaweza kuua mtu usingizini.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea miguu. Kwa kuwa zafanana na za malaria, mgonjwa hupewa vidonge na kurudishwa kulala katika chumba kile kile. Ikiwa wote waliolala humo wameamka na maumivu hayo, homa hawana, na wakitoka nje hupata nafuu, jiko ndilo la kushukiwa kwanza.

Wako wanaoweka beseni la maji karibu na jiko. Halifai kitu, maana gesi hii huyeyuka kidogo mno katika maji. Kitanda kirefu nacho si kinga. Uzito wa gesi hii wakaribia ule wa hewa, nayo huenea chumba kizima.

Jiko litolewe nje kabla ya watu kulala, hata likionekana kuwa majivu matupu. Jenereta nayo isiwashwe ndani ya ghala wala barazani karibu na dirisha la ofisi. Makatibu waingize katika makisio ya mwaka koti zito na mablanketi ya mlinzi. Ajabu ni kwamba kamati hupitisha fedha za kufuli mpya bila mjadala, lakini koti huahirishwa hadi mkutano ujao.

Akikutwa mtu amezimia, milango ifunguliwe, atolewe nje mara moja, na mwokoaji asikawie ndani. Apelekwe hospitali hata kama amezinduka, kwani kwa hewa ya kawaida huchukua saa 4 hadi 6 nusu tu ya gesi kutoka katika damu. Akipewa oksijeni hutoka upesi zaidi. Mganga aambiwe waziwazi kwamba chumbani mlikuwa na jiko.