Baada ya Mpunga: Tulime Tena au Tusilime? Somo la Hesabu ya Shamba

Mkulima, umekwisha kuvuna mpunga wako. Magunia yamehesabiwa, na shambani yamebaki mabua na visiki. Jirani wa kulia anawasha moto. Jirani wa kushoto amefungulia ng'ombe. Mwingine amekwenda kutafuta trekta. Je, wewe utafanya nini? Usijibu upesi. Chukua kalamu na karatasi, maana somo la mwezi huu ni la hesabu.

MASHAMBA YETU

Katika Migori, mpunga hulimwa kwa maji ya Mto Kuja katika skimu ya Lower Kuja, Nyatike. Katika Homa Bay, skimu ya Oluch-Kimira hupata maji ya mito miwili: Awach Kibuon hunywesha upande wa Kimira, na Awach Tende upande wa Oluch. Sehemu kubwa ya udongo wa nchi hizi tambarare ni ule mweusi wa mfinyanzi. Kila mkulima anaujua: ukilowa hunata kama gundi, ukikauka hupasuka na kuwa mgumu kama tofali. Siku ambazo jembe laweza kuingia vizuri ni chache sana.

Tena, tunapotayarisha shamba la mpunga tunavuruga tope. Kuvuruga huku huvunja chembe za udongo na kufanya tabaka gumu chini, ili maji yasizame. Kwa mpunga jambo hili ni jema. Lakini zao linalofuata hupata shida, kwa sababu mizizi yake haipiti kwa urahisi katika tabaka hilo.

Wakulima wa India kaskazini na Pakistani wana shida kama hiyo. Wao huvuna mpunga, kisha hupanda ngano katika shamba lile lile. Wakichelewa kwa kulima mara nyingi, ngano hukutwa na joto kali kabla punje hazijajaa. Kwa hiyo wengine wao sasa hupanda ngano bila kulima, katikati ya mabua ya mpunga. Sisi katika nchi hizi za joto karibu na ziwa hatulimi ngano. Ngano ya Kenya hutoka Narok, Nakuru, Uasin Gishu na kwingine penye baridi. Lakini tunaweza kupanda ndengu baada ya mpunga, na somo ni lile lile. Kwao adui wa anayechelewa ni joto, kwetu ni ukavu.

SHAMBA LA HESABU NI NINI?

Wataalamu hawawezi kungoja miaka thelathini waone shamba lisilolimwa litakuwaje. Kwa hiyo hutengeneza shamba la hesabu ndani ya kompyuta. Mojawapo ya programu za kazi hiyo huitwa APSIM, iliyoanzishwa Australia. Nyingine, ya mpunga, huitwa ORYZA. Mtaalamu huiambia kompyuta mvua na joto la kila siku, aina ya udongo, mbegu na siku ya kupanda. Nayo hujumlisha na kutoa siku baada ya siku: maji yaliyoingia, yaliyotoka, chakula cha mmea kilichobaki. Kisha huulizwa: kama tungaliacha mabua, ingalikuwaje? Kama mvua ingalikosekana, je?

Lakini fahamu kwamba kompyuta haijui kitu ambacho haikuambiwa. Ukiipa habari za uongo, nayo itakupa mavuno ya uongo. Ndiyo maana wataalamu hulinganisha majibu yake na mavuno ya shamba la kweli.

HESABU YA MAJI

Sasa na sisi tufanye hesabu hiyo kwa kalamu. Nambari hizi ni za kufundishia tu. Za shamba lako zitakuwa nyingine.

Tuseme siku ya kuvuna udongo una akiba ya maji ya milimita 80 ambayo mmea waweza kuyanywa. Mkulima wa kwanza anachoma mabua, anangoja trekta, analima, na kupanda baada ya siku 14. Udongo ulio wazi unapoteza milimita 3 kwa siku. Mara 14, ni milimita 42. Zimebaki 38.

Mkulima wa pili anaacha mabua yafunike udongo, anatoboa mashimo kwa kijiti na kupanda ndengu baada ya siku 5. Chini ya mabua udongo unapoteza milimita 1 kwa siku. Zimebaki 75.

Tofauti ni milimita 37. Ni ndogo? Milimita moja ya maji juu ya ekari moja ni zaidi kidogo ya lita 4,000. Basi milimita 37 ni karibu lita 150,000, yaani mapipa 750 ya lita 200! Ikiwa ndengu zinakunywa milimita 3 kwa siku, akiba ya mkulima wa kwanza inatosha siku 12, na ya mkulima wa pili siku 25, hata mvua isiponyesha kabisa.

HESABU YA MABUA

Kila kilo ya mpunga huacha karibu kilo moja ya mabua. Ukivuna kilo 2,000, umeacha tani mbili za mabua. Tani moja ina naitrojeni kilo 5 hadi 8. Basi tani mbili zina kilo 10 hadi 16. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya CAN una naitrojeni kilo 13 hivi. Ukiwasha kiberiti, naitrojeni karibu yote huenda na moshi. Ni sawa na kuuchoma mfuko wa mbolea ulioununua kwa fedha yako.

HASARA NAZO ZIHESABIWE

Hesabu ya haki huandika faida na hasara.

Kwanza, mabua yanapooza, vijidudu vya udongo hula naitrojeni kwanza, na mahindi machanga huweza kuwa manjano. Ndengu hazidhuriki sana, kwa kuwa vinundu vya mizizi yake huchukua naitrojeni hewani.

Pili, mvua nyingi. Mwaka 2020 na tena mwaka 2024 mafuriko yaliwasumbua wakulima wa Nyatike. Udongo mweusi ukijaa maji, ndengu huoza, ziwe zimelimiwa au hazikulimiwa. Usipande bila kuchimba mtaro wa kutoa maji.

Tatu, magugu. Asiyelima lazima apalilie mapema.

Nne, ng'ombe. Hili ni gumu kuliko yote, kwa maana ng'ombe pia wana njaa, na desturi ya wengi ni kuachia mifugo baada ya mavuno. Ukiacha mabua peke yako, ng'ombe wa jirani watayala usiku. Kwa hiyo mpatane katika kikundi cha mfereji wenu kabla ya kuvuna. Si lazima kuacha yote. Yakifunika theluthi moja ya ardhi, ni mwanzo mzuri. Mengine walishe zizini, na samadi irudi shambani.

JARIBU KWA SEHEMU NDOGO

Usibadili shamba lote kwa msimu mmoja. Pima robo ekari, igawe mara mbili. Upande mmoja fanya kama ulivyozoea. Upande wa pili usilime: tandaza mabua, panda ndengu kwa kijiti, sentimita 45 kati ya mistari na 15 kati ya mashimo. Andika siku ya kupanda, fedha za trekta na vibarua, na kilo ulizovuna kila upande. Mwonyeshe Bwana Shamba wako karatasi hiyo. Kwa shamba lako, ina thamani kuliko hesabu ya kompyuta iliyo mbali.

MASWALI

1. Kwa nini tope lililo jema kwa mpunga huleta shida kwa ndengu?
2. Ukivuna kilo 1,500 za mpunga, mabua yana naitrojeni kilo ngapi?
3. Katika mfano wetu, mkulima wa kwanza angepata trekta siku ya 7 na kupanda siku hiyo, angebakiwa na milimita ngapi?
4. Katika kikundi chenu, nani atazungumza na wenye ng'ombe, na lini?

Swali la nne halijibiwi kwa kalamu. Lijibuni pamoja kabla ya mavuno.