NYIKA YA BARIDI MLIMANI: UTAFIKAJE, NA UTAKANYAGA WAPI?

Ukitazama Mlima Kenya kutoka hapa Kibugu alfajiri, kabla mawingu hayajaufunga, utaona msitu mweusi chini na vilele vya mawe juu. Katikati pana ukanda usio na miti, wa rangi ya nyasi kavu. Wageni husafiri kutoka Ulaya kuja kuutembea, nasi tunaoishi chini yake wengi wetu hatujawahi kuukanyaga. Katika makala haya nitaeleza ukanda huo ni kitu gani, unafikiwaje na mtu asiye na gari, na mtu atembee vipi asiuharibu.

Kwanza jina, maana hiki ni Chama cha Kiswahili. Waingereza wana neno moja tu la nchi ya juu yenye baridi, isiyo na miti, yenye nyasi za mafungu na udongo uliolowa. Sisi hatuna. “Nyika” humfanya mtu afikirie ukame. “Mbuga” humletea simba. “Kinamasi” ni sawa palipo na matope, lakini si kila mahali huko juu pana matope. Mwenzangu mmoja darasani alipendekeza “nyanda za juu”, nami nikamwambia hata viazi hulimwa nyanda za juu. Kwa hivyo nitasema “nyika ya baridi” kwa eneo zima na “kinamasi” kwa sehemu zilizolowa, mpaka mtu atuletee neno bora.

Nyika hiyo huanza pale miti inapoisha, yapata mita 3,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua huchoma, usiku maji huganda, tena karibu kila siku ya mwaka. Mimea ya huko imejifunza kuishi hivyo. Kuna senesio, mmea mrefu kushinda mtu, ambao hauangushi majani yake yaliyokufa bali huyaacha yakiuzunguka shina kama mzee aliyejifunga blanketi. Kuna lobelia ambayo majani yake hufanya bakuli lililojaa maji. Usiku majani hujikunja ndani, maji ya juu yakaganda, lakini ya chini hubaki maji na kukikinga kichipukizi kisife kwa baridi. Mimi nikisoma hayo katika Biolojia nilidhani mwalimu anatutania.

Sasa, kinamasi kinatoka wapi? Mvua na ukungu ni vingi, hasa upande huu wetu wa kusini mashariki. Kwa sababu ya baridi, majani yaliyokufa hayaozi upesi. Yanarundikana mwaka baada ya mwaka hadi yanakuwa udongo mweusi, mwepesi, unaonyonya maji kama sifongo. Mvua ikinyesha sifongo hujaa, na ikikatika huyaachilia maji polepole. Ndiyo maana mito kama Rupingazi haikauki hata wiki kadhaa zikipita bila mvua. Rupingazi huingia Thiba, nayo Thiba huingia Tana, na maji hayo ndiyo huzungusha mitambo ya umeme ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Hapa kwetu, mwezi wa Februari maji ya mfereji yakipungua, majirani huanza kulaumiana nani alifungua bomba usiku. Hakuna anayeuliza hali ya sifongo huko juu.

Na kweli sifongo lina adui. Moto ni mmoja: Machi 2012 moto uliwaka mlimani siku nyingi ukateketeza msitu na nyika. Adui mwingine ni miguu yetu, na hapo nitarudi.

Njia ya kwanza ni ya Chogoria. Unapanda matatu hadi mjini Embu, kisha nyingine ya barabara ya Meru inayopitia Runyenjes na Chuka, unashuka Chogoria. Mwambie makanga mapema, maana wengine hupitiliza kisha wanakuuliza kwa nini hukusema. Matatu huishia hapo. Kutoka mjini hadi lango la mbuga ni takriban kilomita 30 kupitia msitu na mianzi, kwa gari la kukodi, pikipiki au miguu. Ukishapita lango, lililo karibu mita 3,000, hauko mbali na nyika. Pana Ziwa Ellis na maporomoko ya Nithi, na ukiendelea siku nyingine utachungulia bonde lenye Ziwa Michaelson. Siku moja haitoshi, usijidanganye.

Njia ya pili ni ya Naro Moru, upande wa magharibi. Kutoka Embu utabadilisha matatu Karatina au Nyeri. Mjini Naro Moru hadi langoni ni kilomita 17 hivi, halafu Kituo cha Hali ya Hewa kwenye mita 3,050. Juu ya kituo hicho ndipo kilipo kinamasi mashuhuri ambacho wageni wamekipa jina la kinamasi kilichosimama wima. Si mzaha: ni matope yanayopanda mlima! Mjomba wangu, ambaye huwabebea wageni mizigo, husema hapo ndipo mtu huonyesha tabia yake halisi.

Kumbuka kwamba hii ni mbuga ya taifa tangu 1949, na tangu 1997 ni urithi wa dunia. Ada hulipwa kwanza kwa simu, na kwenda peke yako hakuruhusiwi. Miezi mizuri ni Januari na Februari, au Agosti na Septemba. Anza kutembea mapema, kwa maana saa sita mawingu hupanda na njia hupotea mbele ya macho. Kichwa kikiuma na chakula kikikataa, usipande zaidi. Kikizidi, teremka, hakuna dawa kushinda kuteremka.

Nimefika kwenye miguu. Kila mtu akifika penye matope hupita kando ili viatu visichafuke. Anayefuata hupita kando zaidi. Mwishowe njia ya hatua moja inakuwa pana kama barabara, nyasi zimekufa, na mvua inapochimba hapo udongo mweusi unaondoka wote. Kwa hivyo kanyaga matope katikati ya njia. Vaa gambuti, zile zile za kuchunia majani chai, nazo hapa kwetu hazikosekani nyumba yoyote. Chukua fimbo upime kina kabla ya kuweka uzito, na msiandamane bega kwa bega bali mmoja nyuma ya mwingine. Mjomba anasema wageni wenye viatu ghali ndio hukwepa sana.

Maswali ya kujipima: Kwa nini majani hayaozi upesi kwenye nyika ya baridi? Lobelia hutumiaje maji kujikinga na baridi? Taja mito miwili ambayo maji ya Rupingazi hupitia kabla ya kufika Kamburu. Na la nne, lisilo na jibu kitabuni: tuiite nini nchi ile kwa Kiswahili? Andika neno lako pamoja na sababu, umpe katibu wa chama kabla ya kufunga shule.