Maisha ya Mwenye Betri ya Moyo

Mwanafunzi akishika kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba, atahesabu mapigo 70 hivi kwa dakika, yaani 100,800 kwa siku. Mapigo hayo huanzishwa na umeme hafifu utokao katika aurikali ya kulia ya moyo. Njia ya umeme huo ikiharibika, ventrikali zaweza kubaki na mapigo 30 tu kwa dakika. Hapo ubongo hukosa damu ya kutosha, na mgonjwa huzimia ghafla. Mara nyingi majirani hudhani ni kifafa, au amerogwa.

Tiba yake ni kifaa ambacho watu hukiita "betri ya moyo". Ni kijisanduku cha titani chenye betri ya lithiamu, kinachowekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga. Waya mwembamba hupita ndani ya vena hadi moyoni. Pigo likichelewa, kifaa hutoa msukumo mdogo wa umeme.

Mtu wa kwanza kupandikizwa kifaa hiki alikuwa Arne Larsson wa Sweden, tarehe 8 Oktoba 1958. Kilidumu saa chache tu. Lakini kwa kubadilishiwa vifaa zaidi ya 20, Larsson aliishi hadi mwaka 2001, akifariki baada ya fundi Rune Elmqvist aliyekibuni na daktari Åke Senning aliyekipandikiza.

Tumfikirie sasa mkulima wa Ngara au Biharamulo aliyetibiwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka kwake. Kwa majuma 4 hadi 6 asiinue mkono wa upande ule juu ya bega, asilime, wala asibebe mkungu wa ndizi, ili waya usichomoke. Baadaye, kwa idhini ya daktari, atarudi shambani. Redio haimdhuru. Simu asiitie mfuko wa kifuani, bali iwe umbali wa sentimeta 15 au zaidi kutoka kwenye kifaa. Ajiepushe na mitambo ya kuchomelea vyuma na sumaku kubwa. Anayemgusa hapati madhara yoyote.

Hatari kubwa ni kujiona mzima. Akiwa na nguvu, nauli ya kwenda kliniki huonekana hasara. Kumbe betri, ambayo kwa kawaida hudumu miaka 8 hadi 12 hivi, huisha bila kuonekana kwa nje. Hupimwa kwa mashine ya mtaalamu. Kwa hiyo jamaa zake waweke akiba ya safari mapema, watunze kadi ya kifaa, na wajifunze kumhesabia mapigo. Kizunguzungu kikirudi, mapigo yakipungua, au ngozi juu ya kifaa ikivimba, aende hospitali mara moja.

Zoezi: Kifaa kikitoa misukumo 60 kila dakika, kitatoa mingapi kwa miaka 10 yenye siku 365 kila mmoja? (Jibu: 315,360,000.)