SOMO: NGUVU ZA KIJANA NI AMANA



Kila jioni hapa Pemba, toka Wete hata Mkoani, vijana hukusanyika kucheza mpira, na walio hodari huufikia uwanja wa Gombani, Chake Chake. Wazee wengine huuliza, Nguvu hizi zote zaishia wapi? Swali hilo ni jema, kwa maana miguu ya mchezaji huchoka upesi, naye angali na miaka mingi ya kuishi. Basi, na tutazame habari za Filbert Bayi. Yeye alikuwa mkimbiaji, wala si mcheza mpira, lakini njia aliyoipita yawafaa wote.

1. Kupanda kwake. Alizaliwa mwaka 1953 huko Karatu, akawa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, alitangulia tangu mwanzo hata mwisho wa mbio za mita 1500, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker wa New Zealand alimfuata karibu sana, nao wote wawili waliipita rekodi ya dunia iliyowekwa mwaka 1967. Mwaka 1975, huko Kingston, Jamaika, Bayi akavunja na rekodi ya maili.

2. Kunyimwa kwake. Mwaka 1976 watu wengi walingoja kuwaona wawili hao katika Olimpiki ya Montreal. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikizuru Afrika Kusini, iliyobagua watu kwa rangi zao. Kwa hiyo nchi nyingi za Afrika zilijitoa, na Tanzania mojawapo. Walker akapata dhahabu, Bayi hakukimbia. Fikirini: kijana wa miaka 23, katika utimilifu wa nguvu zake, siku yake yapita kwa ajili ya haki ya watu asiowajua. Hata hivyo hakuketi chini. Mwaka 1980, huko Moscow, alipata medali ya fedha katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Hiyo na ile ya Suleiman Nyambui ndizo medali za kwanza za Tanzania katika Olimpiki.

3. Kurudisha kwake. Mbio zilipokwisha, yeye na mkewe walianzisha shule, Kimara na Kibaha. Tena kwa miaka mingi alikuwa katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Sifa ya uwanjani hupita, bali mtoto aliyefundishwa kusoma hudumu nayo elimu yake.

Maswali ya kujibu pamoja:
(a) Ni hasara gani ambayo yafaa kuivumilia kwa ajili ya haki ya mwingine?
(b) Mchezaji mzee wa kijiji chenu amepewa kazi gani ya kuwalea vijana? Kama hana, ni nani atakayemwita?