Vishimo vya mapajani si ugonjwa, lakini usipuuze mguu unaowaka moto

MADUKA ya vipodozi mjini Mwingi, sawa na yale ya Kitui, Machakos na Nairobi, hayakosi krimu ambazo wauzaji husema huyeyusha mafuta ya mwilini na kunyoosha ngozi ya mapaja. Wanaolengwa ni akina mama na wasichana walioona vishimo vidogo vidogo kwenye mapaja, makalio au tumbo, ngozi ikafanana na ganda la chungwa. Hali hiyo huitwa selulaiti.

Lipo neno jingine linalokaribiana nalo sana, nalo ni selulaitisi. Hili ni jina la ugonjwa unaoletwa na bakteria, na usipotibiwa mapema unaweza kuua. Wengi huchanganya majina haya mawili. Matokeo yake ni kwamba mtu hutumia pesa nyingi kutibu kisichokuwa ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ukija huupuuza. Katika somo la wiki hii tutatazama kilicho chini ya ngozi yako, ili uweze kutofautisha mambo haya.

Tabaka tatu

Ngozi ya juu, ile unayoiosha kila siku, ni nyembamba mno. Chini yake ipo ngozi ya ndani, iliyo ngumu zaidi, yenye mishipa ya damu, neva, vinyweleo na nyuzi imara za kolajeni. Chini ya hizo mbili ndipo lilipo tabaka la mafuta.

Mafuta haya hayakumwagwa tu kama uji kwenye sufuria. Yamehifadhiwa ndani ya seli, na seli zimekusanywa katika vifuko vidogo. Kati ya vifuko hivyo hupita nyuzi za kolajeni ambazo huifunga ngozi na kilicho chini yake. Aliyewahi kuchuna mbuzi anazijua nyuzi za namna hiyo: ni ule utando mweupe unaokatwa kwa kisu ili ngozi iachane na nyama.

Vishimo hutoka wapi?

Fikiria godoro la pamba lililoshonwa kwa uzi kutoka juu hadi chini. Pale uzi ulipopita godoro huingia ndani, na kati ya uzi mmoja na mwingine pamba huinuka. Ndivyo ilivyo selulaiti. Nyuzi za kolajeni huvuta ngozi kwenda chini, nayo mafuta husukuma kwenda juu.

Kwa nini wanaume hawaipati kwa kawaida? Mwaka 1978, watafiti wawili wa Ujerumani, Nürnberger na Müller, walichapisha uchunguzi wao wa ngozi ya wanawake na wanaume. Waliona kwamba kwa wanawake nyingi ya nyuzi hizi husimama wima kama nguzo za ua, na mafuta hupata nafasi ya kujitokeza kati yake. Kwa wanaume nyuzi hupishana kama fito za ghala lililosukwa, na ngozi yao ni nene zaidi, kwa hiyo mafuta hubanwa. Watafiti hao waliiita selulaiti ugonjwa wa kubuniwa. Uchunguzi wa baadaye kwa mashine za kupiga picha za ndani ya mwili umeonyesha kwamba mpangilio wa nyuzi hutofautiana zaidi kuliko walivyodhani, lakini tofauti ya wanawake na wanaume ipo.

Wataalamu wa ngozi wanakadiria kwamba wanawake 80 hadi 90 kati ya kila 100 waliokwisha kubaleghe wana selulaiti kwa kiasi fulani. Wembamba wanayo, wanene wanayo. Homoni, urithi na umri huchangia. Unene huifanya ionekane zaidi, na ngozi inapopungua nguvu kwa uzee vishimo hujitokeza zaidi. Jambo linaloonekana kwa wanawake wengi kiasi hicho haliwezi kuitwa maradhi. Neno lenyewe lilitoka Ufaransa katika karne ya 19, na lilienea Marekani baada ya jarida la mitindo la Vogue kuliandika mwaka 1968. Hali ilikuwapo tangu zamani. Kilichokuwa kipya ni jina na bidhaa zilizolifuata.

Ghala la akiba

Msomaji, usiyachukie mafuta ya chini ya ngozi. Hayo hukinga mifupa na misuli isiumie, huzuia joto la mwili lisipotee, na zaidi ya yote ni ghala la chakula. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, ilhali gramu moja ya sukari hutoa 4. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori karibu 7,700, yaani chakula cha siku tatu na zaidi kwa mwanamke mzima.

Wazee wa Ukambani wanaelewa maana ya ghala. Njaa zao wamezipa majina: ile ya mwaka 1961 ni Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, kwa kuwa chakula kiliangushwa kutoka angani, na ile ya 1984 huitwa Nikw'a Ngwete, yaani nafa hali nina pesa mkononi, kwa kuwa pesa zilikuwapo lakini chakula cha kununua hakikupatikana. Katika nyakati kama hizo mwili huishi kwa akiba. Mafuta ya mapaja na makalio ya mwanamke huwa pia akiba ya kulea mimba na kunyonyesha.

Yaliyo hatari hayaonekani

Mwaka 1947, daktari Jean Vague wa Marseille, Ufaransa, aliandika kwamba kinachopaswa kuangaliwa ni mahali mafuta yalipokaa, si wingi wake tu. Wenye mafuta mengi tumboni ndio waliopata kisukari na maradhi ya moyo zaidi kuliko wenye mafuta mapajani. Tafiti za baadaye zimemuunga mkono. Mafuta yanayozunguka ini na matumbo ndiyo adui, na hayo hayana vishimo vya kukuonya.

Basi badala ya kujitazama mapaja kwenye kioo, chukua futi ya fundi wa nguo upime kiuno. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hatari huanza kuongezeka kiuno kikizidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume. Wanaume wenye vitambi wasicheke wake zao.

Je, krimu zinasaidia?

Hakuna krimu iliyothibitishwa kuondoa selulaiti. Krimu hupakwa juu ya ngozi, na nyuzi zinazovuta ziko chini kabisa. Baadhi huifanya ngozi ivimbe kidogo kwa saa chache, vishimo vikajificha, kisha vikarudi. Nchini Marekani sindano ya kuyeyusha nyuzi hizo iliidhinishwa mwaka 2020, lakini kabla ya mwaka 2022 kwisha kampuni iliyoitengeneza ilitangaza kuiacha, kwa sababu ya michubuko na madoa yaliyobaki kwenye ngozi.

Kutembea na kufanya kazi za nguvu hujenga misuli na kupunguza vishimo, ingawa haviishi vyote. Ukipungua uzito, seli za mafuta husinyaa. Idadi yake haibadiliki sana.

Hatari kubwa iko kwenye krimu zisizo na maelezo, hasa zilizochanganywa na dawa za steroidi au za kujichubua. Steroidi hula kolajeni na kuifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi. Kwanza vishimo huonekana zaidi. Pili, ngozi iliyodhoofika ni mlango wazi kwa bakteria. Utafiti wa madaktari wa ngozi katika nchi kadhaa za Afrika, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kujichubua ni miongoni mwa mambo yanayoandamana na selulaitisi ya mguu, pamoja na unene uliopita kiasi na vidonda visivyotunzwa.

Selulaitisi: usingoje

Huu sasa ndio ugonjwa. Bakteria aina ya streptokoka au stafilokoka huingia kupitia uwazi wowote: mwiba wa mgunga, kidonda cha funza, magaga ya kisigino, ukungu kati ya vidole, au mkwaruzo wa kawaida. Wakishafika chini ya ngozi husambaa haraka katika tabaka lile lile tulilolieleza.

Dalili zake ni hizi:

• Sehemu moja, aghalabu mguu mmoja, huvimba, huuma na kuwa ya moto ukiigusa.

• Ngozi hubadilika rangi. Kwa mtu mweupe huwa nyekundu. Kwa ngozi nyeusi wekundu huo hufichika, na huenda ukaona zambarau au weusi uliokolea, ngozi ikivutika na kung'aa.

• Uvimbe huongezeka saa hadi saa.

• Homa, baridi na kutetemeka huweza kufuata.

Ukiona hayo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Chora kwa kalamu mpaka wa uvimbe ili mhudumu ajue umesambaa kiasi gani. Usiukande, usichanje kwa wembe, wala usipake krimu. Ukikaa, inua mguu. Matibabu ni antibiotiki, nazo zimalizwe zote hata kama maumivu yametulia baada ya siku mbili. Mwenye kisukari asingoje hata kidogo. Malengelenge, ngozi kuwa nyeusi au kufa ganzi, maumivu makali kuliko uvimbe unaoonekana, au mgonjwa kuchanganyikiwa ni dalili za hatari kubwa: apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Kinga haina gharama. Osha miguu na uikaushe kati ya vidole. Vaa viatu uendapo shambani au kisimani. Paka mafuta ya kawaida kwenye visigino visipasuke. Safisha kila kidonda kwa maji safi na sabuni, hata kikiwa kidogo.

Na zile pesa za krimu ya mapaja? Zinunulie viatu vya kufunika mguu, pojo na mboga. Vishimo vya mapajani havijaua mtu. Mwiba uliopuuzwa huweza kuua.